Blanketi Moja kwa Waliochoka

Hapo zamani, na msidhani ni zamani ile ya sungura kumdanganya fisi, ni zamani hii ya juzi ambayo mama zenu wanaikumbuka, palikuwa na kijiji Upare, juu kabisa mlimani, kiitwacho Makanjwa. Sogeeni. Anayetaka kusinzia asinzie, sitamlaumu. Hadithi yenyewe ni ya watu waliochoka, na mimi ninayeisimulia nimetoka kupalilia tangawizi na mgongo unaniuma.

Makanjwa kulikuwa na pembe na kulikuwa na blanketi. Pembe ilikuwa ya msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji. Ikilia asubuhi, kila mwenye mikono anatoka na jembe: leo mfereji, kesho barabara, keshokutwa shamba la mjane. Blanketi lilikuwa la sufu, jekundu, zito, na lilitunzwa nyumbani kwa mpiga pembe. Halikutoka ovyo. Lilitoka siku ambayo mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati wake, njiti kama tunavyowaita, ametembea kwa miguu yake mwenyewe mpaka kiwanja cha msaragambo. Siku hiyo, mtu aliyemlea njiti yule alifunikwa blanketi mbele ya watu. Na aliyefunikwa, jamani, alipumzika! Hashiki jembe, hashiki ndoo, hachanji kuni, mpaka mahindi yavunwe. Shamba lake analimiwa. Maji analetewa. Anakula, analala, anaamka, anaulizwa kama ameshiba.

Mtu mmoja. Si wawili. Makanjwa ni kijiji kidogo, na wanaomlimia mwenzao nao wana mashamba yao.

Basi aliishi huko mwanamke aitwaye Nakijwa, mke wa Togolani. Nakijwa alikuwa amezika watoto wawili, wote njiti, wote kabla hawajajua kucheka. Mimba ya tatu nayo haikungoja. Ilikuwa masika, mvua imeibomoa barabara ya kushuka hospitali, na Nakijwa akajifungulia zahanati ya kijiji. Mtoto wa kike. Mdogo! Ngozi nyembamba, mishipa unaiona, na kilio chake kilikuwa cha kifaranga.

Muuguzi akasema, "Chini hatuwezi kushuka mpaka barabara itengenezwe. Hapa tuna vitu viwili tu. Cha kwanza joto la mtu, ngozi kwa ngozi, kifuani, asitolewe. Cha pili maziwa ya mama. Maziwa tu, jamani, na kisiwe kingine. Yakamuliwe kwa mkono, anyweshwe kwa kikombe kidogo, taratibu, maana hajui kunyonya na akiharakishwa atapaliwa. Akichoka mwacheni apumzike. Akipumzika mpeni tena."

Akamsogezea Nakijwa mtoto. Nakijwa akageukia ukutani.

"Mpelekeni," akasema. "Wawili nilishawazoea. Huyu sitaki kumzoea."

Togolani alikuwa amesimama mlangoni na koti lake limelowa mvua. Akalivua. Akafungua vifungo vya shati.

"Dada," akamwuliza muuguzi, "hicho kifua unachotaka, lazima kiwe cha mwanamke?"

"Kifua ni kifua, kaka yangu. Njoo."

Akafungiwa mtoto kifuani kwa kanga, shati likafungwa juu yake, na kazi ikaanza. Mnaicheka kazi hiyo? Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Togolani hakulala chali wala ubavu. Alilala ameketi, ameegemea magunia. Hakuinama kufunga kiatu. Hakupiga chafya bila kushika kifua. Alihesabu pumzi za mtoto kwa ngozi yake, na kila zilipokawia, alimpapasa nyayo mpaka zirudi. Akachoka. Lakini mtoto hajui kwamba umechoka.

Na maziwa je? Maziwa ya Nakijwa hayakutoka. Mtu aliyegeukia ukuta maziwa yake hujificha, ndivyo walivyosema wanawake wa Makanjwa, na mimi sibishani nao. Lakini jirani alikuwepo mwanamke aitwaye Naetwe, ambaye juma lile lile alikuwa amemzika mtoto wake aliyezaliwa akiwa ametimia, mnono, mzima, akakamatwa na homa. Naetwe alisimama makaburini na gauni limelowa kifuani. Matiti hayajui habari za msiba.

Muuguzi akamwendea kwa aibu. "Dada Naetwe, sijui hata nikuombe vipi."

"Usiniombe," akasema Naetwe. "Yananiuma. Kuliko kuyamwaga chini, ayanywe mtu."

Muuguzi akampima damu, akaona yuko salama. Tangu hapo Naetwe akawa anakamua, anafunika kikombe kwa sahani, anapanda kilima kile chenye utelezi. Asubuhi anapanda. Mchana anapanda. Jioni anapanda. Analeta maziwa ya mtoto wake kwa mtoto wa mwenzake, kisha anarudi kwenye nyumba isiyo na kilio. Akachoka. Lakini mtoto hajui kwamba umechoka.

Siku moja Nakijwa, kutoka kitandani, akamwona mumewe amesinzia akiwa amesimama, bega kwenye mwimo wa mlango. Naetwe alikuwa anamnywesha mtoto pale pale kifuani. Kikombe kikagusa mdomo. Ulimi wa mtoto ukatoka, mdogo sana, ukatafuta tone, ukalipata.

"Anakunywa?" akauliza Nakijwa.

"Anakunywa," akajibu Naetwe. "Kwani ulidhani ninapanda huku kufanya mazoezi?"

Nakijwa akainuka. Akaomba bakuli. Akakamua mpaka vidole vikakakamaa, akapata matone ya kulowesha sakafu ya bakuli tu. Akakamua tena. Haba na haba hujaza kibaba, na Nakijwa alikijaza chake tone kwa tone. Maziwa yalipoanza kushuka sawasawa, kikombe kikawa chake, naye Naetwe akawa anajazia yanapopungua. Mtoto akinywa, alichoka; akichoka, alilala; akilala, Nakijwa alikamua; akimaliza kukamua, mtoto aliamka. Hakuna mwanya hapo wa kupitisha hata usingizi wa kuku. Baadaye akamfundisha kunyonya titi lenyewe, kidogo leo, kidogo kesho, na mtoto akawa anachoka katikati na kuacha, na mama anaanza upya. Mtoto wakampa jina, Navoneiwa, na wavivu wa kutamka wakamwita Navo. Nakijwa akachoka. Lakini mtoto, mmeshajua, hajui kwamba umechoka.

Sasa msiwafanye watu hawa malaika. Mimi sipendi hadithi za malaika, zinanichosha zaidi.

Walipokwisha kurudi nyumbani kutoka zahanati, Togolani alikwenda mnadani na tangawizi, na mtoto ndani ya koti. Wanaume wakamwona. "Togolani, unanyonyesha upande gani?" "Mama Togo, hujambo?" Wakacheka mpaka wakashika mbavu. Akarudi nyumbani mbiombio, akamtoa Navo kifuani, akamviringishia nguo, akamlaza kitandani, akarudi mnadani akiwa mwanamume. Nakijwa alipotoka mtoni alimkuta mtoto amekuwa wa baridi, midomo imegeuka rangi, na pumzi inakuja kama inaombwa. Akamtia kifuani mwake, akakimbia naye zahanati huku anampapasa nyayo. Mtoto akapona. Togolani hakumtoa tena kifuani kwa ajili ya kicheko cha mtu, lakini alikuwa ameshamtoa.

Naetwe naye. Kuna asubuhi alimchukua Navo kumnyonyesha nyumbani kwake, akafunga mlango kwa komeo. Nakijwa akaja, akagonga.

"Mwache hapa," sauti ikatoka ndani. "Nina kitanda chake. Nina nguo zake zimekunjwa. Wewe ulimkataa, mimi sikumkataa wangu."

Nakijwa hakupiga kelele. Aliketi kizingitini na maziwa yakimlowesha, akakaa mpaka mbuzi wakarudi zizini. Ndipo komeo likafunguka. Nakijwa akampokea mtoto, na kesho yake Naetwe akapanda kilima na kikombe kama kawaida.

Bado mmoja. Togolani alikuwa na mama yake, Bibi Namkunda, ambaye kwa kipindi chote hiki alipika, alifua, alichota maji, na kunung'unika. Siku moja akamkuta mkwewe ameketi amelala, kikombe mkononi, maziwa yanamwagikia gotini. Huruma ikamkamata. Huruma, jamani, si ubaya.

"Maskini mwanangu," akasema. "Maziwa, maziwa, maziwa. Mtu gani hunenepa kwa maziwa matupu? Sisi tulilelewa kwa uji wa mtama na tupo."

Akapika uji mwepesi, akaupoza, akamwonjesha Navo vijiko kadhaa ili mtoto ashibe na mama apate usingizi. Mama akaupata. Alipoamka, tumbo la mtoto lilikuwa limevimba na kukaza, anatapika, analegea. Pembe ikalia. Watu wa msaragambo wakaacha majembe, wakamshusha Navo na mama yake kwa machela, wanapokezana kwenye zile kona, mpaka hospitali. Huko walikaa muda mrefu. Bibi Namkunda hakula chakula cha moto mpaka waliporudi.

Wakarudi. Uzito ukapanda. Lakini Navo alikuwa mlegevu. Wenzake wa rika lake wameshaanza kuketi na kutambaa, yeye shingo ndiyo kwanza inakaza. Muuguzi akasema, "Tumbo mnalilisha vizuri. Sasa akili na viungo navyo vina njaa. Azungumzishwe. Achezeshwe. Awekwe chini, atafute vitu mwenyewe. Mtoto huyu akikaa mgongoni siku nzima atakuwa mzigo, hatakuwa mtu."

Nani ana nafasi ya kucheza? Togolani yuko shambani, kwa deni la siku alizokosa kulima. Nakijwa amekonda, anashika ukuta akisimama. Bibi Namkunda akatandika mkeka.

"Mimi ndiye niliyemrudisha nyuma," akasema. "Mimi nitamsukuma mbele."

Akashuka chini na magoti yake mabovu. Akatia mbegu kwenye kibuyu, akakitikisa huku, mtoto akageuza shingo. Akakitikisa kule, akageuza tena. Akamtajia kila kitu kwa jina lake: huyu kuku, huu mwiko, huu moto, usiuguse, nimesema usiuguse. Akampondea parachichi na kiini cha yai wakati wa kula ulipofika kweli, safari hii baada ya kumwuliza muuguzi, akamwacha ajipake mpaka nyusi. Akafunga kitambaa kuwa mwanasesere, wakamlaza pamoja, wakamfunika kipande cha kanga: "Mtoto amechoka. Mfunike, alale." Na Navo alifunika. Alifunika mwanasesere, alifunika kibuyu, alifunika hata paka. Kila siku bibi kizee yule aliketi sakafuni, na kila siku kuinuka kulikuwa kugumu zaidi. Akachoka. Lakini mjukuu hajui kwamba umechoka.

Halafu siku ikafika. Kweupe, jua la alasiri, watu wamerudi kutoka mfereji. Navo akatoka nyumbani kwa baba yake, anayumba, mikono juu, akaanguka, akainuka, akaanguka, akainuka, mpaka kiwanjani, akashika pembe kwa mikono miwili na kuitia mate. Watu wakapiga vigelegele. Mpiga pembe, Mzee Mcharo, mtu wa hasira za karibu ambaye alikuwa na mahindi yake ya kupalilia, akaleta blanketi.

"Haya," akasema. "Nimfunike nani? Semeni upesi. Kazi yangu ni kupuliza, si kuhukumu."

Bibi Namkunda akasema, "Unauliza? Ametembea, au ameletwa na machela? Miguu hiyo nimeitengeneza mimi, kwa magoti haya. Mkitaka kujua kama nimechoka, niambieni niiname."

"Miguu umeitengeneza," akasema Naetwe, "baada ya kutaka kuipeleka makaburini kwa uji wako. Bibi, nisamehe, lakini wewe ndiye umeanza. Nani alimpa cha kwanza kuingia tumboni? Kama si maziwa yangu, hiyo miguu ungeichezesha wapi? Ninyi mlipoteza usingizi. Mimi kila tone nililokamua, nilikamua na jina la marehemu wangu. Sijalala tangu siku ile niliyomzika. Nifunikeni nilale."

"Ungelala vizuri siku ulipomfungia," akajibu bibi.

"Nililala vizuri," akasema Naetwe. "Siku hiyo tu."

Hapo wanawake kadhaa wakatazama chini. Togolani akakohoa.

"Mimi sidai," akasema. "Mwanaume na blanketi wapi na wapi. Wapeni hawa." Akageuka aondoke. Kisha akabadilika, machozi yakamlengalenga. "Hapana, jamani. Nadai. Mgongo wangu umepinda. Mama yake alipogeuka ukutani, mimi ndiye nilikuwa ukuta wa mtoto. Nilimtoa siku moja, ni kweli, na siku hiyo naiota. Lakini hizo nyingine zote? Na mlinicheka. Ninyi hapa, mlinicheka."

Wanaume wakaanza kukagua mipini ya majembe yao.

Watu wote wakamgeukia Nakijwa, ambaye hajasema. Mwanamke mmoja akanong'ona, kwa sauti ya kusikika, kwamba aliyemkataa mtoto hawezi kufunikwa. Nakijwa akasikia.

"Niligeuka," akasema. "Mnataka nikane? Niligeuka kwa sababu nilijua kazi iliyokuwa inakuja. Hawa walikuwa hawaijui, mimi nilikuwa nimeifanya mara mbili na kuzika mara mbili. Halafu nikageuka tena, nikaianza mara ya tatu. Kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana, mnaimba kila arusi. Basi. Mimi sina hotuba. Mume wangu alimbeba, akapokewa zamu. Naetwe alileta maziwa, akarudi kwake. Mama alicheza naye, mchana. Mimi sikupokewa zamu na mtu. Mkinifunika nitashukuru. Msiponifunika, niambieni mapema, kuna maji ya kuchota."

Mzee Mcharo akajikuna. Akamwangalia huyu, akamwangalia yule. Watu wakaanza kubishana. Wa huku wakasema bibi, maana kosa lake alilifanya kwa huruma na akalilipa. Wa kule wakasema Naetwe, maana yeye pekee alitoa kwa mtoto asiye wake. Wengine wakasema baba, wengine wakasema mama, uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Na mzazi ni nani, wakaulizwa, maana hapo wako wawili. Sauti zikapanda. Vidole vikaelekezwa machoni. Jua likasogea. Mzee Mcharo mwenyewe akaingia kwenye ugomvi, akalibwaga blanketi chini ili apate mikono ya kubishana.

Na walipochoka kubishana, wakageuka kuwatazama wale wanne.

Wamelala.

Walikuwa wameketi chini kando ya ukuta wa ghala kungoja, na usingizi ukawachukua pale pale mchana kweupe, kelele zote zile hazikuwaamsha. Togolani kiganja kimoja kimebaki kifuani, kinashikilia kitu ambacho hakipo. Naetwe amejikumbatia. Bibi Namkunda kibuyu kimemtoka mkononi, miguu ameinyoosha. Na Nakijwa ameketi wima, shingo imeanguka, vidole vimejikunja kama vimeshika kikombe.

Watu wakaanza kukanyaga kwa ncha za vidole. Hata Mzee Mcharo alishusha sauti, na hiyo peke yake ni hadithi nyingine.

Ndipo Navo akaliona blanketi chini. Akashika ncha. Mtoto huyu, mnakumbuka, alifundishwa mchezo mmoja akaujua vizuri: aliyechoka hufunikwa. Akaanza kulivuta. Zito. Akaanguka nalo, akainuka nalo. Hakuna aliyemsaidia, maana kila mtu aliogopa kulielekeza upande. Akalivuta mpaka mbele ya wale wanne, akasimama. Akamtazama baba. Akamtazama mama. Akamtazama Naetwe, ambaye ananukia maziwa. Akamtazama bibi. Blanketi ni la mtu mmoja, hata mtoto aliliona hilo.

Kisha akatugeukia sisi. Ndiyo, nilikuwepo, nilikuwa mmoja wa waliosimama pale na jembe begani. Akatutazama tumwonyeshe.

Sisi hatukujua, na mpaka leo nikishika jembe nalifikiria lile blanketi. Kwa hiyo nawakabidhi ninyi, mimi nikanyooshe mgongo wangu. Lakini semeni upesi, maana sufu ile ni nzito, miguu yake ni mipya, na mtoto naye sasa ameanza kuchoka.

Je, nani alistahili?